Saladi ya majani ya rangi rangi na vinegreti ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka sokoni, jikoni na kwenye simu, kwa watu wa Malindi wanaotaka kuandaa saladi ya majani yenye rangi nyingi na kuikoleza kwa vinegreti, yaani mchanganyiko wa mafuta na siki, waliyoitengeneza wenyewe, badala ya ile ya chupa ya supamaketi. Mengi yanauliza habari za mafuta na siki. Utaona majibu mengi yanaishia kwenye maji, kwa sababu saladi nyingi za hapa kwetu huharibiwa na maji yaliyobaki kwenye majani, wala si na mafuta ya bei rahisi.

Saladi hii ina tofauti gani na kachumbari yetu?

Kachumbari ni kitunguu, nyanya, pilipili mbichi, dania, chumvi na ndimu. Unakata nyembamba, unakamulia ndimu, unaiacha kidogo ishike, na yale maji yanayotoka kwenye nyanya ndiyo utamu wenyewe. Kachumbari inataka kuloa. Saladi ya majani inataka kinyume: jani liwe kavu na baridi, likitafunwa lisikike, na vinegreti ilipake juu juu tu.

Kwa hiyo mwenye mkono mzuri wa kachumbari ndiye anayeniletea malalamiko mengi. Anaifanya saladi kwa mazoea yaleyale: anatia chumvi mapema, anakamua ndimu, anafunika kawa, anakwenda kuswali. Akirudi majani yamelala. Chumvi imevuta maji yaliyokuwa ndani ya jani, na mafuta yamepenya ile nta nyembamba inayolilinda. Hakuna dawa ya hapo.

Wala sisemi moja ni bora kuliko nyingine. Kwenye pilau na biriani nipe kachumbari, saladi ibaki friji.

Vinegreti ni nini hasa?

Ni mchanganyiko wa mafuta, siki na chumvi, asili yake Ufaransa. Haina yai bichi, hapo ndipo inapoachana na mayonezi. Viungo vingine, yaani haradali, asali, thomu, majani yenye harufu, ni hiari ya mpishi.

Malindi wengi tulikutana na saladi za namna hii kwa Waitaliano, ambao wenyewe mara nyingi hawachanganyi chochote kwenye chupa. Humimina mafuta, siki au limau, na chumvi moja kwa moja juu ya majani mezani, wakageuza, wakala. Waitaliano walikuja na mradi wa anga wa San Marco kule Ngomeni, ambako setelaiti ilirushwa kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967. Baadaye zikaja hoteli na nyumba za wageni. Ukikuta siki ya balsamiko na majani ya rukola kwenye duka la Malindi, jua vimetufikia kwa njia ya roketi.

Nipe vipimo basi.

Kipimo cha asili ni sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya kitu kichachu. Kwa bakuli la watu wanne, chukua vijiko vikubwa 3 vya mafuta, kijiko kikubwa 1 cha maji ya ndimu au siki, nusu kijiko cha chai cha haradali, nusu kijiko cha chai cha asali, robo kijiko cha chai cha chumvi, na pilipili manga uliyoitwanga saa hiyohiyo. Kijiko kikubwa ni mililita 15, cha chai ni mililita 5.

Mpangilio una maana yake. Anza na ndimu na chumvi, koroga mpaka chumvi ipotee, kwa sababu chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukianza na mafuta, punje zitakaa chini, nusu ya saladi iwe chapwa na nusu iwe ya kukunja uso. Kisha tia haradali, asali na pilipili manga. Mafuta mwisho. Funga kwenye chupa tupu ya jemu, tikisa kwa nguvu mpaka uone imekuwa nzito na rangi imefifia.

Ionje kwa kuchovya jani. Ukionja kwa kijiko utaiona kali kupita kiasi, uongeze mafuta bure.

Halafu tuambiane ukweli: sisi tumelelewa na ndimu. Wengi mezani kwangu huiona tatu kwa moja imepooza. Mimi hutumia mbili kwa moja nikiwa na ndimu, na tatu kwa moja nikiwa na siki ya dukani.

Mbona mafuta na ndimu hutengana kila nikitikisa?

Kwa sababu hayapatani, na kutikisa ni kuyalazimisha tu. Unapotikisa, mafuta hukatika kuwa matone madogo madogo yanayoelea ndani ya ndimu. Yasipopata cha kuyazuia, yanaungana tena baada ya dakika chache na kupanda juu. Haradali ndiyo mzuiaji: ganda la mbegu yake lina ute unaozunguka kila tone. Asali nayo inasaidia kwa uzito wake.

Huna haradali? Ponda kiini cha yai lililochemshwa, au ponda punje moja ya thomu na chumvi mpaka iwe laini kabisa. Na ikitengana mezani, tikisa tena. Hakuna kilichoharibika.

Lazima yawe mafuta ya zeituni?

Si lazima. Ukiyamudu, tafuta yaliyokamuliwa bila moto, yenye uchungu kidogo na ukali unaowasha koo, maana ukali huo ni dalili ya ubora. Lakini angalia chupa imekaa wapi. Mwanga na joto ndivyo vinavyoyachachisha mafuta ya zeituni, na maduka yetu yana tabia ya kupanga chupa za gharama dirishani, jua la saa nane likazipiga. Chukua chupa nyeusi au kopo, soma tarehe, na ukifika nyumbani usiyaweke karibu na jiko.

Mafuta ya alizeti hayana ladha ya kujitangaza, na kwa hiyo huiacha ndimu iseme. Kwa saladi ya siku za kazi, hayo ndiyo chaguo langu, na sioni haya kusema hivyo.

Mafuta ya simsim ndiyo ninayoyapigia debe zaidi. Watu wa Lamu wanayajua tangu enzi za vinu vilivyozungushwa na ngamia. Yana harufu nzito, kwa hiyo changanya kijiko 1 cha simsim na vijiko 2 vya alizeti, ukamulie ndimu, utie na punje chache za simsim iliyokaangwa bila mafuta. Usidhani ni sawa na yale meusi ya Kichina ya simsim iliyochomwa, hayo ni ya matone tu.

Mafuta ya nazi acha. Nazi ni roho yetu, lakini mafuta yake huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na majani yetu yametoka friji. Utakuta vibonge vyeupe kwenye jani. Mafuta ya kupima ya dukani nayo mengi hutokana na mawese, na mawese huleta shida hiyohiyo ya kuganda kwenye baridi. Na kuna aliyeniuliza kama mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga samaki yanafaa. Hapana, mama. Hayo hata mara ya pili ya samaki yana mashaka.

Ndimu, limau, siki au ukwaju?

Ndimu kwanza. Ina uchachu wa kutosha na ina harufu nzuri, jambo ambalo siki nyeupe haina. Ikamue saa ya kutumia, kwa sababu harufu hupotea haraka hata kama uchachu unabaki. Ibingirishe kwanza mezani kwa kiganja, itoe maji vizuri. Limau ni laini kidogo, linafaa pale unapotia samaki kwenye saladi.

Siki nyeupe ya dukani mara nyingi ni asidi ya asetiki iliyozimuliwa kwa maji, kiasi cha asilimia 5. Kwa achari iko sawa. Kwa saladi ipunguze, iongezee asali. Siki ya tufaha ina ladha zaidi.

Balsamiko ya kweli, ile ya jadi ya Modena na Reggio Emilia huko Italia, hukaa kwenye mapipa si chini ya miaka 12 na bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Ile unayoiona supamaketi ni mchanganyiko wa siki ya mvinyo na maji ya zabibu yaliyochemshwa. Si mbaya, ila ina utamu, kwa hiyo acha asali. Na inatia majani rangi ya matope, basi itiririshe juu mwisho kabisa.

Ukwaju watu huusahau. Roweka kidogo kwa maji ya moto, chuja, upate uji mzito, halafu utumie badala ya nusu ya ndimu. Vinegreti ya ukwaju, mafuta ya alizeti, asali na bizari nzima iliyokaangwa ikatwangwa huenda vizuri sana na kabeji nyekundu na karoti. Kwa majani laini ni nzito mno.

Siki ya mvinyo na haradali ya Dijon zinafaa kwa Mwislamu?

Siki yenyewe imesifiwa katika hadithi, hapo hakuna mjadala. Mjadala uko kwenye namna ilivyopatikana. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, mvinyo uliogeuka siki wenyewe bila kutiwa kitu ni tohara, na uliogeuzwa kwa kutiwa kitu si tohara. Hanafi wanaruhusu vyote viwili. Haradali ya Dijon, ile ya Kifaransa, mara nyingi huwa na mvinyo mweupe, basi soma lebo. Ukitaka kulala salama, tumia ndimu na unga wa haradali uliokorogwa kwa maji baridi ukaachwa dakika 10. Mengine muulize shekhe wako, mimi ni mpishi.

Ni majani gani yanafaa, na mbona letusi ya Malindi hulegea upesi?

Letusi ni mmea wa baridi. Udongo ukishika joto la nyuzi 30 hivi, mbegu nyingi hukataa kuota, na mmea uliokwisha kukua hukimbilia kutoa maua, majani yakawa machungu. Ndiyo sababu nyingi tunayoiona sokoni imetoka nyanda za juu, ikapita Mombasa, ikaongezewa safari ya kilomita 120 hivi hadi Malindi. Ikifika imechoka. Nenda asubuhi, kabla mama mboga hajaanza kuinyunyizia maji ili ionekane mpya. Tazama kitako cha shina: kikiwa cheupe au cha maziwa, chukua, kikiwa cha kahawia, ruka.

Letusi ya kichwa iliyojikunja kama kabeji ndiyo inayostahimili zaidi joto na vinegreti nzito. Ya majani mapana ni tamu lakini haina subira. Rukola ina ukali wa pilipili, na wachache wanaoilima wakiuliza nitawaambia ni rahisi kuliko letusi: karai la zamani lililotobolewa, udongo na samadi, kivuli cha mwembe. Msimu wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, hata letusi ya majani hukubali kwenye kivuli hicho. Vuna majani ya nje, kitovu kiache. Kaskazi ikikolea, Januari hadi Machi, usihangaike, nunua.

Kisha kuna majani ya kutia harufu. Dania na nanaa mnayajua. Lakini uani kwa bibi kuna rihani, ile ya kutungia vikuba na asumini. Hiyo ni ndugu wa karibu wa jani ambalo Waitaliano hutia kwenye nyanya. Majani machache yaliyochanwa kwa mkono yanatosha, maana rihani yetu ina sauti kubwa.

Naweza kutumia mchicha, sukuma wiki au mboga zetu za kienyeji zikiwa mbichi?

Baadhi ndiyo, baadhi hapana kabisa, na hapa sitaki mzaha.

Kisamvu hakiliwi kibichi. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sayanaidi, na ndiyo maana wazee hukitwanga na kukichemsha muda mrefu. Mnavu pia upikwe. Majani ya kunde na ya maboga yana nywele na ugumu usiopendeza mdomoni, yapike.

Mchicha mchanga, yale majani madogo ya juu, unaweza kutia kiasi kidogo. Ile tunayoiita spinachi hapa Kenya ina mshipa mgumu katikati. Ondoa mshipa, kata jani nyembamba. Sukuma wiki inakubali ukiikata kama uzi, ukaitia chumvi kidogo na ndimu, ukaikanda kwa mkono mpaka ilainike. Hiyo ndiyo saladi pekee ya majani inayotaka kukandwa na kusubiri, na inakaa hata saa kadhaa bila kuharibika. Watu wanaopeleka chakula kazini waijue.

Mchunga, ambao Wagiriama wanaupenda kwa uchungu wake, ni wa familia moja na letusi. Mimi huupika kwa tui kama kawaida, lakini kila nikiwaona Waitaliano wakisifia majani yao machungu huwa nacheka kidogo.

Naosha vipi? Ndimu si inaua vijidudu?

Ndimu na siki hupunguza, hazimalizi. Usizitegemee. Maji ya chumvi huwatoa wadudu wanaojificha kwenye mikunjo ya jani, lakini hayaui viini vya kipindupindu wala homa ya matumbo. Chakula kibichi kinategemea usafi wa maji uliyoyaoshea, basi.

Chana majani moja moja kutoka kwenye shina. Yatumbukize kwenye beseni la maji mengi, yatikise, yaache kidogo mchanga uzame, kisha yainue majani kutoka kwenye maji. Usimwage maji juu ya majani, utaurudisha mchanga uleule. Rudia mpaka chini ya beseni kusiwe na kitu. Maji ya mwisho yawe yamechemshwa na kupoa, au yametiwa dawa ya klorini ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ikiwa nyumba inatumia maji ya kisima cha uani, fanya hivyo kwa maji yote.

Kisu na kibao kilichokatia samaki au kuku kisiguse saladi kabla hakijaoshwa kwa sabuni. Afadhali uanze na saladi, samaki afuate.

Nakausha vipi bila ile mashine ya kuzungusha?

Leso. Chukua leso safi ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, maana mpya haifyonzi. Tandaza majani katikati, kusanya pembe nne, toka uani, zungusha mkono kwa nguvu. Maji yataruka ukutani. Watoto wataomba zamu, wape. Kisha fungua, yapanguse kwa upole yaliyobaki na unyevu, yaviringishe kwenye kitambaa kingine kikavu, yaweke friji walau nusu saa.

Narudia hili kwa sababu ndilo linalopuuzwa: mafuta hayashiki kwenye jani lenye maji. Yanateleza, yanakusanyika chini ya bakuli, na wewe unadhani vinegreti haikutosha, unaongeza. Mwisho wa kula kuna kidimbwi chini, na majani ya juu bado hayana ladha. Vinegreti nzuri kwenye majani yaliyoloa ni hasara tupu, na vinegreti ya kawaida kwenye majani makavu itasifiwa.

Nichanganye rangi zipi?

Anza na kijani kiwe nusu ya bakuli au zaidi, la sivyo umerudi kwenye kachumbari. Halafu chagua tatu au nne kati ya hizi, usizitie zote.

Kabeji nyekundu, iliyokatwa nyembamba kabisa. Ukiikamulia ndimu inageuka waridi kali, kwa kuwa rangi yake hubadilika na uchachu. Kitunguu chekundu kina rangi ya namna hiyo: kikate duara nyembamba, kikande kwa chumvi, kisuuze, kiache kwenye ndimu dakika 10. Ukali unaondoka na rangi inang'aa. Karoti nimeiona ikikwaruzwa mpaka inatoa maji. Heri uichonge vipande virefu kwa kisu cha kumenyea. Hoho za manjano na nyekundu zinatosha kwa macho peke yake.

Nyanya ni mtihani. Ni za lazima kwa rangi, lakini tumbo lake limejaa maji. Zikate, toa mbegu na maji yake, au chagua zile ndogo za mviringo uziweke nzima. Tango nalo lipasue, kwangua mbegu kwa kijiko, onja ncha kwanza kama si chungu.

Bitiruti iliyochemshwa ni nzuri lakini haina adabu, inapaka kila jirani. Ikolezee vinegreti kwenye kisahani peke yake, iweke juu mwisho. Parachichi likatwe mwishoni pia, lipakwe ndimu, kwa sababu hewa ndiyo inayolitia weusi na ndimu huichelewesha.

Msimu wa maembe, tia embe lililoanza kuiva tu, gumu bado, lililokatwa vipande vidogo. Ukipata embe na korosho kwenye bakuli moja, umeipata saladi ya Malindi. Korosho zile za kuchomwa zinazouzwa barabarani, zivunje kwa kiganja, nyunyiza ukiwa tayari kula, zisilainike. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazil, lakini nani anakumbuka hilo sasa? Chumvi ya kunyunyizia juu tumia ya chenga, ya baharini. Njia ya Gongoni na Marereni imejaa mashamba ya chumvi, ni yetu hiyo.

Niitie vinegreti saa ngapi?

Watu wakishaketi. Si kabla.

Tia nusu ya vinegreti kwenye bakuli tupu, majani juu yake, geuza kwa mikono safi kutoka chini kwenda juu. Mikono huhisi penye ukavu kuliko vijiko. Onja, kisha uamue kama unahitaji ile nusu nyingine. Mara nyingi huihitaji yote.

Nina shughuli ya watu 100. Inawezekana?

Inawezekana usipojifanya shujaa. Majani yaoshwe na kukaushwa asubuhi, yakae kwenye madebe yaliyofunikwa, juu ya barafu, na kitambaa kikavu kati ya majani na kifuniko. Rangi nyingine kila moja chombo chake. Vinegreti kwenye chupa. Sinia zikitoka jikoni, mtu mmoja kazi yake iwe ni kukoleza tu, sinia kwa sinia. Kwa harusi ya mchana wakati wa kaskazi, mimi hushauri saladi ya kabeji na karoti yenye ukwaju, na letusi iachwe kwa meza ya maharusi. Futari ni rahisi zaidi kwa kuwa saa ya kula inajulikana hadi dakika, basi koleza adhana ikikaribia.

Vinegreti hukaa siku ngapi?

Ya siki, mafuta, haradali na chumvi hukaa friji wiki moja hadi mbili. Ya ndimu imalize ndani ya siku tatu, ladha yake hufa. Ukitia thomu mbichi au majani mabichi, isilale nje ya friji hata usiku mmoja, na itumike ndani ya siku tatu. Thomu ndani ya mafuta kwenye joto ni mazingira ambayo bakteria wa sumu ya botulini hupenda, na sumu hiyo haina harufu ya kukuonya. Umeme ukikatika usiku kucha, imwage ile ya thomu.

Ya zeituni ikitoka friji imeganda na kupoteza uangavu wake, iache mezani dakika 20, itarudi.

Imekuwa kali mno. Imekuwa na chumvi mno. Majani yamelegea. Nifanyeje?

Kali: ongeza mafuta kidogo kidogo, halafu asali. Chumvi nyingi: tengeneza nyingine isiyo na chumvi, uchanganye. Majani ambayo hayajakolezwa yakilegea, yatie kwenye maji safi ya barafu dakika 15 hadi 20, yatafyonza maji na kusimama. Yakisha kukolezwa hayasimami tena. Yaviringishe kwenye chapati na samaki aliyebaki, ule mwenyewe jikoni.

Kuna mtu asiyefaa kula saladi hii?

Wachache. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha majani mabichi anachokula, kwa sababu vitamini K iliyomo hupingana na dawa; azungumze na daktari wake. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze ndimu na pilipili. Mwenye sukari aache asali, haina ulazima. Kwa wengine ni faida tupu: uchachu wa ndimu husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye majani, na mafuta husaidia kufyonza ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A. Anayekula saladi bila mafuta akidhani anajitunza anapoteza sehemu ya alichonunua.

Watoto wangu wanasema hawali nyasi.

Wape embe na korosho kwenye bakuli lao, majani kidogo. Usiwagombeze.

Inaliwa na nini?

Na kitu cha moto kilichokauka. Changu wa kuchoma, mishkaki, pweza aliyechomwa, kuku wa makaa, viazi vya kuchemsha, mkate wa mofa. Chochote chenye mchuzi mwingi wa nazi kitaifunika, kwa hiyo samaki wa kupaka mpe kachumbari au pilipili ya ukwaju. Mbaazi za nazi vilevile.

Vinegreti imebaki kidogo chupani. Niitupe?

Kama haijamaliza muda wake, usiitupe. Mimina juu ya viazi vya kuchemsha vikiwa bado moto, vinaifyonza vizuri kuliko vikipoa. Au changanya na maharagwe yaliyopikwa na kitunguu kilichokatwa nyembamba, hicho ni chakula cha mchana kamili na mkate. Au paka vipande vya nguru nusu saa kabla ya kuvichoma. Usizidishe muda, ndimu itaanza kuifanya nyama yake iwe nyeupe na ngumu kabla hajaona moto. Ile iliyopakwa samaki mbichi hairudi tena kwenye saladi.